Mbuzi, Gauni na Leseni ya Mwenzangu

Mwenzangu niliyepanga naye nyumba hapa Kasulu ni mtoto wa Tanga, muuguzi kama mimi, na ulimi wake hauna breki. Kwenye wodi ya wazazi wanampenda, maana mikono yake ina huruma na kicheko chake kinafika mpaka getini. Lakini akishavua gauni la kazi, jamani, mpisheni.

Jumapili moja ya mapumziko alifua, akaanika gauni lake jeupe uani, kisha akaingia ndani kukaanga mihogo. Mbuzi wa jirani akakata kamba. Tulipotoka alikuwa ameshamaliza mfuko wa kalamu na amefika kwenye kola, anatafuna polepole, anatutazama kama mgeni mwalikwa. Mimi nilicheka, kumbe namtia mwenzangu petroli. Alivua ndala akamkimbiza mbuzi hadi uani kwa mwenyewe, mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa anapepeta maharage pamoja na wageni wake kutoka Makere. Ndala ikaruka, mbuzi akakwepa, ikamtua yule mama begani.

Hapo angesema samahani, yangeisha. Badala yake alisimama mkono kiunoni akafoka: "Wewe na mbuzi wako hamna adabu! Si utakuja hospitali tu? Siku hiyo tutaonana!"

Wageni waliacha kupepeta. Hata mimi kicheko kilikatika. Ndala ni ndala, ila neno lile likitoka kinywani mwa nesi ni jambo jingine kabisa. Na mlangoni alikuwa amekaa binti wa yule mama, aliyekuja kutoka Kibondo kujifungulia kwao, tumbo limeshafika mwezi wake.

Siku mbili baadaye Matroni alituita. Yule mama alikuwa ameshakwenda kushtaki. Mwenzangu alijitetea kwamba ilikuwa Jumapili, hakuwa zamu, na gauni lenyewe hakuwa nalo, lilikuwa tumboni mwa mbuzi. Nilijiuma mdomo. Matroni hakucheka.

"Gauni unalivua, leseni huivui," alisema. "Umemtishia mgonjwa. Mama huyu akiamua kwenda Baraza la Wauguzi, utaitwa ujieleze, na wanaweza kukufutia. Mimi sitamzuia."

Mwenzangu alianza kulia palepale. Leseni ile ndiyo inayomsomesha mdogo wake, na kazi nyingine haijui wala haitaki. Alilia njia nzima, na mimi niliogopa kwa niaba yake.

Mimi Mha, mwenyeji wa huku, kwa hiyo nilimfunda. Ukifika usikimbilie samahani. Salimia kwanza, piga makofi taratibu, uliza watoto, uliza shamba, uliza hata mbuzi. Asubuhi tukaenda. "Mwakeye" yake, salamu yetu ya asubuhi, ilikuwa na lafudhi ya Tanga kiasi kwamba yule mama aligeuza uso ukutani kuficha kicheko.

"Ya ndala nimesamehe, nesi," alisema alipotugeukia. "Mbuzi wangu mwizi, namujua. Lakini umemutia mwanangu woga. Sasa hataki hospitali, anasema atazalia hapahapa. Mie nifanyeje?"

Mwenzangu alimgeukia binti, akapiga magoti mbele yake. "Mdogo wangu, nilisema upuuzi. Ukishikwa uchungu niite mimi, niwe zamu nisiwe. Nikikufanyia ubaya, mama aende huko Baraza, na nauli nitamlipia."

"Utanifokea?" binti aliuliza.

"Nitakufokea usukume."

Binti alicheka. Mama hakucheka. "Tutaona mutoto akija," alisema.

Haikupita wiki wakaja kubisha hodi, mchana, binti ameshikwa uchungu. Mwenzangu alikuwa anasukwa, nusu ya kichwa imelala na nusu imesimama wima. Alikwenda hivyo hivyo, ndani ya gauni langu lililomwishia juu ya magoti, akamwomba Matroni ruhusa, akaingia. Mama alisimama nje ya mlango akisikiliza kila neno. Alichokisikia ni "pole, mdogo wangu" na "sukuma, mama, sukuma," mpaka mtoto wa kike akapiga kelele kuwashinda wote. Bibi alimpokea mjukuu, akalia, kisha akamwambia Matroni, "Yale maneno yangu yafute."

Nilifurahi kama niliyezaa mimi.

Jumapili iliyofuata yule mama aliingia uani kwetu akimvuta mbuzi kwa kamba mpya. "Nimekuletea. Chukua, gauni lako si limo humo?"

Mwenzangu aliruka kama aliyeona nyoka. "Mama, nakuomba! Muuguzi hapokei zawadi ya mgonjwa! Leseni ndiyo kwanza imepona!"

Wakabaki wanasukumiana kamba, huyu chukua, huyu mrudishe, mimi nacheka mpaka machozi. Nilipofuta macho nikatazama kwenye kamba ya nguo. Mbuzi alikuwa amefika, na gauni alilokuwa anatafuna safari hii lilikuwa langu.

Nikavua ndala. Yule mama akanitazama. Nikaivaa tena.