Mushumbusi Alivyomsifu Bwana Wake

Mushumbusi wa Kanazi hakuimba habari za wafalme. Waimbaji wengine wa nanga, ile ala ya nyuzi ya Wahaya, walisimulia vita na ushujaa. Yeye aliimba mvua iliyochelewa, na mwanamke anayemsema mumewe huku akimenya ndizi. Watu walicheka hadi wakamwaga lubisi, pombe yao ya ndizi. Njiani kurudi nyumbani kila mmoja alijiuliza kama ndiye aliyesemwa.

Kibanja alicholima, shamba la migomba na kahawa, hakikuwa chake. Baba na babu yake walizikwa pale, lakini ardhi ilikuwa ya Kagaruki, na kila mavuno alipelekewa fungu lake.

Mwaka 1947 Kagaruki alimwoza binti yake, akamwita Mushumbusi aje amsifu yeye, baba wa bibi harusi, mbele ya wageni. Mushumbusi akaimba:

"Bwana wangu ana vibanja vingi, jembe lake bado jipya;
langu limeisha kwa kulima, na kibanja sina."

Wageni waliangua kicheko. Kagaruki alicheka kuliko wote. Kabla kahawa haijaiva mashambani, alituma mtu kumwambia Mushumbusi ahame.

"Baba Benadetha, nenda kamwombe radhi," alisema Klaudia, mkewe.

Akaenda, akapiga magoti uani. "Waitu, bwana wangu, nilitania tu."

"Najua. Haya, nisifu vizuri."

Mushumbusi akamsifu mpaka sauti ikakauka. Alimwita simba, akamwita mvua, maneno yale yale aliyokuwa akiwacheka wenzake kwa kuyatumia. Kagaruki alisikiliza mpaka mwisho.

"Leo umeimba vibaya," alisema, akaingia ndani.

Walihamia Kimwani, kwenye joto na mbu. Machipukizi ya migomba waliyobeba kutoka Kanazi yalikauka, wakala mihogo.

"Imba hata kidogo," Klaudia alimsihi.

"Nikifungua kinywa, yanatoka yale ya uani kwa Kagaruki."

Hakuimba tena. Homa ilimuua wakati wa masika. Klaudia alituma ujumbe Kanazi, akiomba mumewe alazwe kando ya baba yake. Jibu lilikuwa kwamba pale kuna mpangaji mwingine, na ameshapanda kahawa.

Wakamzika Kimwani, kwenye shamba la kuazima. Klaudia aliwaomba waombolezaji waimbe wimbo wake mmoja, wowote ule. Majirani wale wapya walitazamana. Hakuna aliyejua hata wimbo wake mmoja.