Jina la Mama Kwenye Cheti

Nilipata uraia wa Kenya nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na hadi wakati huo nilikuwa bado sijui jina la mama aliyenizaa.

Wazazi wangu walitoka kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma. Baba alifika Nairobi na patasi zake za kuchonga mpingo. Mama alinizaa Mathare, mikononi mwa mkunga, akafariki kabla sijatimiza siku arobaini. Mdogo wake, aliyekuja kumsaidia kujifungua, akabaki. Akaolewa na baba, akanilea.

Nilipofika umri wa kuanza shule, baba alikwenda kuniandikishia cheti cha kuzaliwa. Karani alimuuliza jina la mama, naye akataja aliyekuwa nyumbani. Kwetu hilo halikuwa uongo, maana mtoto ni wa ukoo wa mama, na hao wawili walitoka tumbo moja. Tena aliyekufa kwa uzazi hatajwi jina mbele ya mtoto wake, eti asije akarudi kumchukua. Basi miaka nenda miaka rudi, jina hilo halikutamkwa katika chumba chetu kimoja cha Shauri Moyo.

Nilipokua nilimwomba baba akasahihishe. Akasema mgeni haendi kuiambia serikali kwamba imekosea. Ubishi nimeurithi kwake, kwa hiyo tulinuniana wee, mpaka akafa na msimamo wake.

Nami nilimtamani mama yangu. Hata picha yake sikuwa nayo. Majirani wa zamani walisema nina mwendo wake, basi nilikuwa nikienda sokoni Gikomba polepole, nikiitazama miguu yangu mwenyewe nikitumaini kumwona. Ujinga mtupu, najua, lakini ndicho nilichokuwa nacho.

Uraia ulipotoka, kisingizio cha ugeni kikaisha. Kwenye ofisi ya vyeti niliambiwa nilete mtu aliyeshuhudia nikizaliwa, aje aape. Aliyebaki hai ni mmoja tu, na jina lake ndilo nililotaka lifutwe.

Nilikaa wiki tatu bila kumwambia. Huyo nilimwita Mama, si mama mdogo. Mwishowe nilimwambia tukichambua mchicha.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea, Mama. Nataka tu kumjua."

Alichambua mpaka fungu likaisha. "Siku ya kwenda uniambie mapema," akasema, "nipige leso yangu pasi."

Karani alikuwa kijana mwenye haraka. Alitazama cheti, akamtazama yeye. "Sasa mama, huyu ni mtoto wako ama si wako?"

"Nimemlea. Aliyemzaa ni dada yangu. Nilimshika mkono akizaa, na nilimshika akifa."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Mama alinigeukia, akanitazama kana kwamba ndiye anayeomba ruhusa. Kisha akalitaja. Ni jina fupi, la kawaida kabisa huko kwetu. Nilikuwa nimejiapiza kutolia mbele ya wafanyakazi wa serikali, nikalia. Karani akamsogezea Mama pedi ya wino, naye akabonyeza dole gumba pale alipoonyeshwa.

Cheti kipya kilichukua miezi kutoka. Nilikipeleka nyumbani mchana wa Jumamosi, nikamkuta ameketi mlangoni akishona. Hakujua kusoma, lakini alikishika kwa mikono miwili.

"Langu liko wapi?"

"Halipo tena, Mama."

Aliinamisha kichwa. Nilijuta, nikaona afadhali ningeiacha serikali na makosa yake. Nikanyoosha mkono nikichukue, lakini hakukiachia.

"Basi nisomee lake."

Nikasoma.

"Toka tumzike sijasikia mtu akimwita," akasema. "Nilikuwa namwita mwenyewe, jikoni, ukiwa shule."

Miaka yote ile nilidhani anayemkosa ni mimi peke yangu. Mama akasogea, akanipa nafasi kwenye kizingiti.

"Soma tena, mwanangu."