Sura Inayokuja Baada ya Picha

Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wasicheke. Alikaa nyuma ya kamera ya ofisi ya vitambulisho, kwenye chumba chembamba chenye pazia jeupe na feni iliyolalama mchana kutwa, akisema maneno yaleyale: "Kaa wima. Tazama hapa. Usicheke." Wenzake wakambandika jina, Usicheke, likamfuata mpaka sokoni. Aliyelifurahia kuliko wote ni mumewe, dereva wa lori la masafa marefu. "Usicheke wangu yuko wapi?" aliuliza kila akiingia mlangoni, kisha akacheka mwenyewe mpaka akashika mbavu.

Kilichomkera ofisini ni kwamba sura nzuri ilikuja baada ya picha. Mtu alikaza shingo na kubana midomo kama anayesubiri sindano. Taa ikishawaka, mabega yanashuka, macho yanalainika, tabasamu linachomoza kwa aibu. Hapo ndipo mtu mwenyewe anapotokea, na hapo ndipo alipotakiwa kuita, "Anayefuata!"

Picha alizipenda tangu utotoni. Shangazi yake alikuwa akifagia studio moja, na siku moja mwenye studio alimruhusu aingie chumba cha giza cha kusafishia picha. Akaona karatasi nyeupe ikizamishwa kwenye dawa, likatokea jicho moja, halafu pua, halafu bibi mzima mwenye kilemba. Alipoajiriwa ofisi ya vitambulisho alidhani amefika, maana kamera si kamera? Mwezi wa pili akaelewa kwamba kamera ile imefungwa kwa skrubu, haigeuki kushoto wala kulia.

Akanunua ya kwake, ya mitumba, mkanda wake umeshonwa na fundi viatu. Saa ya chakula, wenzake wakila, yeye alikuwa barabarani akipiga picha wauza magazeti na mafundi baiskeli. Na kila mumewe aliposafiri, alimsindikiza asubuhi mpaka yadi ya malori, kamera shingoni. Ila mume alikataa katakata uso wake upigwe picha.

"Sura hii ya vumbi itakupasulia kioo," alisema. "Subiri. Siku ukifungua studio yako nitakuja na suti, nikae kama waziri, unipige mpaka uchoke."

"Utakuja kweli?"

"Mteja wa kwanza ni mimi. Atakayenitangulia tutakosana."

"Basi mwakani naacha kazi."

Mwakani ikazaa mwakani nyingine. Mara mtoto ameingia sekondari, mara paa linavuja, mara bosi mpya anaomba avumilie kidogo. Miaka ikayoyoma hivyo hivyo.

Mume aliugua akiwa safarini, siku mbili kutoka nyumbani. Mke alipofika hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Msibani wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, aliomba picha ya kuweka mezani. Mke akaleta boksi zima. Wifi akazipitia moja moja: mgongo ukipanda ngazi ya lori, mkono ukipunga nje ya dirisha, kofia kwa mbali, mgongo tena.

"Wifi," akasema polepole, "si wewe ndiye mpiga picha? Uso wa ndugu yangu uko wapi?"

Mwishowe walikuza picha ya kitambulisho, aliyoipiga mke mwenyewe ofisini. Midomo imebanwa, macho makavu. Siku ile alimwambia asicheke, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, mume alimtii.

Baada ya miezi mitatu akapeleka barua ya kuacha kazi.

"Umefikiria vizuri?" bosi akamuuliza.

"Nimefikiria miaka ishirini na mbili."

Akapanga chumba kando ya fundi cherehani, akakipaka rangi mwenyewe. Wateja hawakuja. "Siku hizi kila mtu ana simu, dada," fundi alimwambia bila ubaya. Wachache waliokuja walitaka picha ndogo za fomu. Siku nyingine alishinda akitazama mlango, akijikuta anasubiri mtu mwenye suti.

Kisha akaingia mke wa dereva mmoja. "Dada, wangu anaondoka kesho. Ile picha niliyoiona mezani kwako msibani hainitoki. Sitaki yanikute. Njoo umpige na mwanawe."

Yadi alikuwa hajaikanyaga tangu msiba. Harufu ya dizeli na maturubai yaliyolowa ilimpokea langoni. Kama yule mama asingemshika kiwiko, angegeuza. Akajikaza kisabuni, akaingia. Dereva alisimama kando ya lori kama mlingoti, mtoto mkononi. Mpiga picha akabofya mara moja, akashusha kamera. "Haya, asante, tumemaliza." Mabega ya dereva yakashuka, mtoto akamvuta masharubu, baba akaangua kicheko. Kamera ikapanda tena.

"Ah! Umeniibia!" dereva akalalamika, bado anacheka.

Madereva wengine wanne wakapanga mstari palepale. Wiki iliyofuata wakaja mama zao, halafu yadi ya pili ikamwita, halafu familia zikaanza kumwalika majumbani mwao. Leo ni mwaka wa tano, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha. Ila bado kuna asubuhi ambazo lori likiwashwa huinua kichwa haraka, kisha huinamia kamera yake, kana kwamba kuna kitu cha kurekebisha.

Juzi wifi yake alikuja studio, amevaa nguo yake nzuri, amechana nywele. Hawakuwa na ugomvi, ila tangu msibani kila mmoja alikuwa akimkwepa mwenzake kidogo.

"Nipige," alisema akikaa. "Wajukuu wasije kuuliza uso wangu uko wapi nikishaondoka." Akacheka mwenyewe, akashika mbavu.

Nyuma ya kamera, mpiga picha akaganda. Paji lilelile la mumewe, jino lililopanda lilelile, jicho moja likifumba vilevile.

"Mbona hupigi?"

"Ngoja kidogo, wifi," alisema. "Endelea kucheka."