Hai Kumi na Tatu

Kwa miaka ishirini na miwili, vipaza sauti vya mji wa Kamaura vilikuwa na sauti moja tu, ya Onodera Fumie, karani wa ofisi ya mji, mama wa miaka hamsini na saba. Mzee akipotea, aliyemtangaza ni Fumie. Maji yakikatika, Fumie. Dubu akionekana karibu na shule, Fumie tena, na adabu zake zilikuwa zinachosha. "Wananchi waheshimiwa, tunasikitika kuwasumbua mkiwa mapumzikoni..." Dubu yuko uani kwako, na yeye bado anasikitika!

Wauza samaki hawakumwacha. "Onodera-san, yule dubu ulimkaribisha chai?"

"Nilimwambia akae kwenye foleni," alijibu Fumie, akapita zake.

Jumamosi asubuhi alikuwa na kazi nyingine, isiyo na mshahara. Alikuwa anawafundisha wageni namna ya kuishi Japani. Wanafunzi wake walikuwa wanawake kumi na wawili kutoka Vietnam, wabanduaji wa chaza katika kiwanda cha ufukweni. Darasani alikuwa mtu mwingine kabisa, mdomo haufungi.

"Ndala za chooni ni za chooni! Ukitoka nazo mpaka sebuleni, mwenye nyumba atakuchekea usoni, na kesho mtaa mzima unajua."

"Hai, mwalimu!"

"Vijiti vya kulia msivisimamishe kwenye wali, hivyo ni vya matanga. Nani kafa hapa? Na ofisini ukiambiwa 'tutaliangalia', usikae ukangoja jibu. Jibu umeshapewa, ni hapana. Na kadi ya ukaazi, jamani, kadi! Hiyo ndiyo roho yako. Polisi akikukuta huna kadi, usitaje jina langu. Hata msalani nenda nayo!"

"Hai, mwalimu!"

Hiyo hai nayo ina mambo yake. Kwetu sisi, hai ni yule anayepumua bado. Kwa Wajapani ni ndiyo, lakini ni ndiyo ya masikio tu. Anayesema hai amekwambia kwamba sauti yako imefika. Kama amekuelewa, hilo ni shauri jingine. Fumie alijua hivyo tangu utotoni. Hata hivyo mwaka mzima alizipokea hai za wale wanawake akarudi nyumbani ameridhika.

Jumamosi moja ya Februari walikuja watano tu, saba walikuwa zamu. Fumie akatandika ramani ya mji mezani. Akamwita Diep, msichana mwenye miezi sita tu Japani, mcheshi, asiyeogopa kukosea.

"Diep, tetemeko limepita, king'ora kinalia, mimi natangaza kwamba bahari inakuja, nendeni takadai. Unakwenda wapi? Nionyeshe."

Takadai ni mahali pa juu, mwinuko. Ni neno la matangazo, mtu hatalisema akiwa sokoni. Diep akaweka kidole kwenye ramani bila kusita, kando kabisa ya maji, gatini.

"Hapa, mwalimu. Ofisi ya Takada-san."

Takada, hiyo san ni ya heshima tu, alikuwa msimamizi wao kiwandani.

Fumie alicheka, na wote wakacheka. Kisha kicheko kikamkatika. Akawatazama mmoja mmoja.

"Nyote mnajua hivyo? Bahari ikija mnakwenda kwa Takada?"

"Hai."

"Hai ya kusikia au hai ya kuelewa?"

Diep akajikuna shingo. "Hata sisi tulishangaa, mwalimu. Takada-san mwenyewe anaogopa paka."

Fumie akawatoa nje, akawanyooshea kidole hekalu lililo juu ya mlima nyuma ya mji, akawarudisha ndani na kuwarudishia maneno mpaka wakayatapika. Takadai ni mlima. Hekaluni. Kwa miguu. Sasa hivi. Akamwagiza Diep awaambie wale saba jioni hiyo hiyo bwenini.

Diep aliwaambia, lakini mkubwa wao alikuwa Thoa, mwenye miaka mitatu Japani, aliyekuwa anawasomea wenzake barua na kuwapeleka kliniki. Thoa alimcheka. "Wewe umekuja juzi, leo unanifundisha mimi Kijapani? Mwaka mzima mwalimu anasema Takada, masikio yangu yana nini?" Wale wengine sita wakashika la Thoa.

Hilo Fumie hakulijua. Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa idara yake, Kikuta, akamwomba maneno ya tangazo la bahari yabadilishwe. Yawe mepesi. Kimbieni. Mlimani.

Kikuta aliweka kalamu chini. "Onodera-san, maandishi hayo yamepitishwa. Nikiwaambia wazee wa mji huu 'kimbieni', kesho yake watakuja hapa kuniuliza nimewaona mbuzi?"

"Kuna watu hawaelewi, mkuu."

"Sawa. Tutaliangalia."

Fumie akainama, akashukuru, akatoka. Angeweza kushuka mwenyewe kiwandani, ni dakika kumi kwa miguu. Hakushuka. Angemwanzaje Takada, amwambie jina lake limegeuzwa mlima? Aliona aibu. Akasema moyoni, Jumamosi nitawapata wote.

Tetemeko likaja Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Lilikuwa refu. Makabati ya ofisi yaliangusha majalada, taa zikabembea, watu wakaingia chini ya meza. Lilipotulia, simu ya maonyo ikawaka na Kikuta akasoma kwa sauti iliyokauka: bahari inakuja, dakika ishirini na tano. Fumie alikuwa ameshapanda ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha matangazo. Akabonyeza king'ora, akafungua karatasi, akaanza.

"Wananchi waheshimiwa. Kumetolewa onyo la wimbi kubwa. Mlio karibu na ufuko, mnaombwa kuhamia takadai..."

Alisoma polepole, neno kwa neno, maana vipaza sauti vya mji ule vinapokezana mwangwi na milima, na ukiharakisha maneno yanakanyagana. Akatazama dirishani. Chini, magari yalikuwa yanapanda barabara ya hekalu. Kando ya maji, ua wa kiwanda ulionekana wote, na mle uani palikuwa na kofia saba za buluu, zamu ya Thoa na wenzake sita.

Zilikuwa zimesimama mbele ya mlango wa ofisi ya Takada.

Takada siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kwenda kung'oa jino mji wa jirani. Mlango ulikuwa na kufuli. Wajapani wanne wa zamu ile walirukia gari la mizigo, na dereva akawapigia kelele wale saba, "Takadai! Twendeni takadai!" Wao wakamjibu "Hai!" na kumwonyesha ule mlango. Akaona wamekwisha kuelewa, akaondoa gari. Mpaka leo hawezi kuisimulia habari hiyo akaimaliza.

Fumie aliona gari likitoka na kofia zikibaki. Akasoma tena, kwa nguvu zaidi, labda hawakusikia.

"Mnaombwa kuhamia takadai. Takadai..."

Zile kofia zikasogea, zikaubana mlango. Mmoja akaanza kuugonga.

Mama yangu! Ilikuwa ni sauti yake. Yeye mwenyewe, Fumie, ndiye aliyekuwa anawashikilia pale. Kila akitamka neno lile alikuwa anawapigilia msumari. Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na tisa zimebaki, na kutoka kiwandani mpaka hekaluni, kwa mtu aliyevaa mabuti ya mpira, ni dakika kumi na tano.

Akaitupa karatasi.

"Thoa!"

Jina likatoka kwenye kila nguzo ya mji, likaenda mlimani, likarudi.

"Thoa! Takada hayupo! Takada si takadai! Mlima! Kimbia mlimani!"

"Onodera-san!" Kikuta alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemtoka. "Soma kilichoandikwa! Unamtaja mtu kwa jina mbele ya mji mzima?" Akanyoosha mkono kwenye swichi.

Fumie akampiga kofi mkononi. Ndiyo, mkuu wake wa idara, paa! "Toka hapa! Tazama kule kwanza, ndipo uzime!"

Kikuta akatazama. Kisha mkono uleule uliopigwa ukaenda kwenye kitufe cha sauti, ukakizungusha mpaka mwisho.

"Thoa! Geuka! Hekalu! Unaliona hekalu? Kimbia, mjinga wewe, kimbia!"

Katika miaka ishirini na miwili Kamaura haikuwahi kumsikia Onodera Fumie akimwita mtu mjinga. Wazee waliokuwa wamekaa na chai yao, waliozoea maonyo na kuyapuuza, wakainuka. Bibi mmoja alimwambia mumewe, "Fumie katukana. Leo tunakufa, vaa viatu!" Wakatoka.

Uani kofia moja ikageuka, ikainua uso kutafuta sauti. Ikanyoosha mkono mlimani. Halafu zote saba zikaanza kukimbia, na Fumie akalia huku anapiga kelele, kimbia, kimbia, kimbia, neno lenyewe limebaki hilo moja.

Walipofika kwenye lango, kofia moja ikasimama. Ikageuka. Ikarudi mbio kiwandani.

"Anarudi kufanya nini?" Kikuta alinong'ona.

Fumie alijua. Alijua kama aliyemtuma. Kabati za nguo za wafanyakazi ziko nyuma ya kiwanda, na humo ndimo zilimokuwa kadi. Hiyo ndiyo roho yako. Hata msalani nenda nayo.

"Kadi iache!" Sauti ilimpasuka. "Iache kadi! Nilikosea mimi! Kadi inaandikwa nyingine, wewe huandikwi! Toka! Toka humo! Polisi akikusimamisha mtaje Onodera! Mtaje Onodera!"

Mlango wa kiwanda ukabaki wazi, mweusi. Hakutoka mtu. Wale sita walikuwa wameshavuka daraja. Fumie aliendelea, kadi iache, kadi iache, na kila mara sauti ikawa nyembamba zaidi, mpaka Kikuta akasikia pumzi tu kwenye kipaza sauti. Akamsogeza Fumie taratibu, akashika kipaza sauti yeye, mtu wa maandishi yaliyopitishwa, akapaza sauti: "Kadi iache!"

Vumbi la lile tetemeko na mvuke wa bomba lililopasuka vilipita mbele ya kiwanda, wasione tena mlango. Bahari ilijivuta, ikaacha matope na nguzo za chaza zikiwa uchi. Kisha ikarudi. Haikuja kwa kishindo, ilijaa tu na kujaa, ikaingia uani, ikaiinua ofisi ya Takada ikaondoka nayo, kufuli na vyote.

Ofisi ya mji iliingiwa na maji mpaka ghorofa ya kwanza. Saa tisa alasiri onyo lilishushwa, maji yakapungua, na Fumie akatoka na daftari lake la darasa kifuani. Kikuta alimfuata mpaka ngazini. "Onodera-san. Kuhusu leo, itabidi uandike barua ya kujieleza."

Fumie akatikisa kichwa kukubali. Angeandika kumi, kama zingemtoa mtu mle kiwandani.

Njia ya hekaluni ilijaa watu na mablanketi. Uani mwa hekalu walikuwa wamewasha moto kwenye pipa, na wanawake wa Vietnam wamekaa wamebanana. Wakamwona, wakasimama. Akataka kuwaita, mdomo ukafunguka, pakatoka mkwaruzo tu. Akajaribu tena. Hakuna kitu. Akampa Diep daftari na kumwonyesha majina kwa kidole.

Diep akaelewa. Akasimama wima akaanza kuita, kila jina kwa mapumziko yake, kama alivyokuwa anaitwa yeye Jumamosi.

"Nhung."

"Hai."

"Loan."

"Hai."

Fumie aliyafuata majina kwenye kurasa, midomo ikicheza. Tisa. Kumi. Diep mwenyewe akajiita na kujijibu, watu wakacheka kidogo. Kumi na moja.

"Thoa."

Kuni zilipasuka ndani ya pipa. Diep alisubiri. "Thoa," akarudia, akitazama nyuma ya hekalu. Fumie alikuwa ameshika ukingo wa koti lake kwa mikono miwili. Alitaka kumwambia mtu kwamba kadi ni neno lake, alilisema yeye, na hakuwa na sauti ya kulisemea.

Mlango wa mbao nyuma ya hekalu ukalia. Mwanamke akatoka, suruali imelowa mpaka magotini, hana kofia, hana mabuti. Aliyavua njiani ili akimbie. Alikuja mbio uani, na miguuni amevaa ndala za plastiki za rangi ya waridi, zimeandikwa kwa herufi kubwa: CHOO.

"Hai!" alisema Thoa. Kisha akamwona Fumie akiangalia miguu yake, uso ukamshuka. "Samahani, mwalimu. Nilikuwa msalani, sikuwa na kingine. Na kadi... kadi sikuichukua. Niliushika mlango wa kabati, nikasikia unasema mtaje Onodera. Nikaiacha."

Fumie alimshika mabega. Alizitazama zile ndala kwa muda mrefu, chafu, za chooni, katikati ya uwanja wa hekalu, na hakuwahi kuona viatu vizuri kama vile maishani mwake.

Diep alikuwa bado ameshika daftari. Akageuza ukurasa, akaona hakuna jina jingine. Akarudi kwenye jalada, akakuta lile lililoandikwa juu kwa wino mweusi.

"Onodera Fumie," aliita.

Uwanja wote ukamgeukia. Fumie akajikohoza, akavuta pumzi mpaka chini kabisa tumboni, na sauti ikatoka, ndogo, imepasuka, lakini ikatoka.

"Hai."