Siku Shemeji Alipolinyamazia Jua

Binti yangu hulichunguza jua mchana kutwa bila kulitazama. Hukaa chumba cha juu kabisa cha chuo, mapazia yameshushwa, kompyuta mbili mbele yake. Watu huniuliza, "Mzee Kiguu na Njia, mwanao hasa anafanya kazi gani?" Nikianza kujibu wanacheka. Basi nieleze hapa, maana kwenye maandishi hakuna wa kunikatiza.

Jua hulipuka. Likilipuka hutoa miale ya eksirei, ndugu wa ile ya hospitali inayopiga picha za mifupa. Hewa huizuia isitufikie, kwa hiyo setilaiti huipima huko juu na kuleta mstari kwenye kompyuta ya kwanza. Mlipuko huohuo hutoa mawimbi ya redio, na hayo hushuka hadi kwenye antena aliyoifunga binti yangu mwenyewe juu ya paa. Mistari miwili ikipanda pamoja, moyo wake nao hupanda.

Shida ilikuwa shemeji yangu, mjomba wake. Ana karakana ya kuchomelea mageti nyuma ya chuo, na mashine yake ikiwaka, antena husikia kelele tupu. Mkuu wa idara akamwambia binti yangu, "Mama, antena yako inamsikiliza mjomba, si jua. Wiki ikiisha naiondoa, niweke tangi la maji."

"Kelele nyingine ni za mjomba kweli," binti akasema. "Hizo nimeziondoa mwenyewe kwenye vipimo. Nipe siku moja ya kimya."

Nikaenda kwa shemeji, si unajua miguu yangu haitulii.

"Nizime mashine kwa sababu jua linataka kuongea?" akasema. "Liambie lipaze sauti!"

"Shemeji, ni mwanao."

"Akifaulu ni wangu. Akikosea ni wako." Akachomoa plagi ukutani.

Siku hiyo madoa meusi ya jua, ambako milipuko huanzia, yalikuwa yametugeukia. Tukakaa: mimi, binti na mkuu wa idara. Asubuhi ikapita, mistari imelala. Mkuu akaanza kupiga miayo. Mara mstari wa eksirei ukainuka, wa redio nao ukainuka.

"Huyo mjomba!" Mkuu akateremka ngazi mbio, nami nyuma yake. Tukamkuta shemeji amelala chali juu ya geti ambalo halijakwisha, plagi kaikumbatia kifuani, anakoroma. Niliigusa mashine: baridi.

Tuliporudi juu, mstari wa redio ulikuwa bado unatetemeka. Mkuu akaulinganisha na ule wa eksirei.

"Tangi nitalitafutia mahali pengine," akasema.

Binti yangu aliandika saa ya mlipuko. Alijifuta macho kwa kiganja, akaendelea na kazi.

Leo antena imesimama juu ya kitako kipya cha chuma, kazi ya mjomba. Binti akimpigia simu, anachomoa plagi bila neno. Na wateja wakimuuliza kile kidude cha juu ya paa ni nini, anajitutumua: "Mwanangu hulisikiliza jua pale. Nisiponyamaza mimi, halisikiki."

"Mwanao nani?" huwa nampigia kelele nikipita njia. "Wangu huyo!"