Macho ya Sengi Mbuke

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mvua ziligoma, mtama ukakauka ungali mchanga, tukaletewa mahindi ya msaada ambayo ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Asubuhi tulitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Jioni tulikula huo ugali. Muulize mtu yeyote wa umri wangu huku kwetu mdogo wake alizaliwa lini, atakwambia ni kabla au baada ya unga wa njano. Mimi nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto.

Sikupanga kuukumbuka mwaka ule. Pua ndiyo iliyoukumbuka. Jumapili iliyopita, hapa Nyahanga, mjukuu wangu Deus alialika watu. Deus ni fundi umeme mgodini, kijana aliyesoma, na msinikataze kujivuna, mgongo uliombeba ni huu. Amenunua jiko la chuma lenye mfuniko na magurudumu. Analiweka uani, anamwaga vibanzi vya mti juu ya makaa, anabanika maini na samaki kwa moshi ili wageni wapate cha kuonja kabla ya pilau. Hilo silishangai. Nilichoshangaa ni kwamba hivyo vibanzi vilitoka dukani, vimefungwa kwenye mfuko kama sukari.

"Deus," nikamwambia, "umenunua takataka za seremala?"

Akacheka. Kisha moshi ukapanda, nami nikakaa chini bila kuambiwa. Ilikuwa harufu ya sengi Mbuke.

Sengi ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita shangazi. Mbuke alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, akiishi nasi kijijini upande wa Geita, karibu na mashimo ya dhahabu. Uani kwetu, ndani ya ua wa minyaa, alikuwa na nusu pipa lililokaa juu ya mawe. Ndani aliweka makaa, juu ya makaa vibanzi vilivyolowekwa maji, halafu waya wenye vipande vya maini au furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na juu kabisa bati kuukuu. Wachimbaji wakitoka shimoni jioni walipitia kwake kwanza, wakaonja, ndipo wakaenda kwenye ugali wao. Ugali ule haukukubali kushuka kooni bila kudanganywa.

Kuokota vibanzi ilikuwa kazi yangu. Wanaume walikuwa wakichonga matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke, nami nikaokota kilichoruka chini ya shoka. Sengi alinusa kila kibanzi kabla ya kukipokea. "Hiki ndicho. Hiki katupe, kitafanya maini yawe machungu kama mkwe wangu." Mkwe wake alikwisha kufa zamani, lakini hakumsamehe.

Na macho yake yalikuwa mekundu. Mekundu kabisa, kope zimevimba, machozi yakimtoka hata akiwa anacheka. Mimi nilidhani amezaliwa hivyo, kama wengine wanavyozaliwa na pengo.

Jumamosi moja tuliishiwa vibanzi. Sengi akapanga maini kwenye waya, akaniambia nimfuate kisimani tukaoshe samaki, tukirudi tupitie kwa wachonga magogo. Uani tuliwaacha wachimbaji na majirani wanasubiri. Mmoja wao tulimwita Mgosi kwa kuwa alitoka Tanga. Mtu mcheshi, mwenye njaa isiyoisha. Alikuwa amemwona sengi akiloweka vibanzi kila siku, akajiambia kumbe siri yote ni unyevu. Kwa hiyo akachukua panga, akakata matawi mabichi ya ua wetu, akayakatakata vipande vidogo, akayamwaga kwenye makaa na kufunika.

Matawi ya mnyaa. Kwetu hata mtoto anayetambaa anavutwa mkono asiuguse. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni unaweza kukupofusha, na mti wenyewe ukiwa mbichi hauingizwi motoni. Mgosi hakujua, na waliojua walikuwa wanapiga soga huku wamempa mgongo.

Tuliporudi, moshi mzito ulikuwa umejaa uani na watu wanajifikicha macho. Baadhi walishaanza kutafuna. Sengi alinusa mara moja tu. Akaangusha sufuria ya samaki, akakimbia, sikuwahi kumwona anakimbia, akaupiga teke ule waya hadi maini yote yakalala mavumbini. Mtu mmoja alikuwa na kipande mkononi, akakipokonya.

"Temeni," alisema. "Temeni chote, msimeze."

Nililia sana. Nilikuwa nalilia maini.

Wawili wakaanza kutapika. Ndipo Masele, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mtu aliyekula kwa sengi kila jioni ya Mungu, akasema, "Amejuaje? Hajaonja, hajauliza mtu. Amejuaje kama kuna sumu?"

Watu wakamgeukia sengi.

"Mtazameni macho," akasema Masele.

Sengi aliingia ndani taratibu kama mtu aliyesahau chumvi. Masele akaliokota lile panga la Mgosi, wanaume wanne wakamfuata hadi mlangoni. Mgosi mwenyewe alikuwa amepiga magoti, uso ndani ya ndoo ya maji, akiutoa kila mara na kusema, "Jamani, mti nimeukata mimi. Ni mimi." Sauti yake ilisikika vizuri. Mimi niliisikia. Wao hawakugeuka.

Baba alikuwa Shinyanga, akihangaikia mahindi. Mama akatokea mlangoni na mwiko, ugali wa njano umeganda kwenye ncha yake.

"Mama Kabula," Masele alisema, kwa adabu kabisa, "mtoe wifi yako tuzungumze naye."

"Mnazungumza na panga?"

"Tuzungumze tu. Usijiingize, dada. Una watoto."

Mama alijaza mlango, na hakuwa mtu mnene. "Hatoki," alisema. "Haya macho yameungua kwa kuwalisha ninyi. Hatoki."

Masele akapiga hatua. Mama akamnyooshea mwiko usoni. "Nenda kajitazame kwenye ndoo ya Mgosi. Halafu mtazame huyo aliye nyuma yako, na huyo mwingine. Leo hapa wachawi ni wangapi? Niambie, tuanze na nani?"

Wakatazamana. Moshi wa mnyaa ulikuwa umewafanya wote wawe na macho mekundu kama nyanya, yamevimba, machozi yanatiririka. Aliyekuwa nyuma kabisa akaondoka. Kisha mwingine. Masele alilitazama lile panga kana kwamba alikuwa amemshikia mtu tu, akaliweka chini, akapita kwenye pengo la ua bila kuaga.

Nilipoingia ndani sengi alikuwa nyuma ya ghala la mtama, ameshika mchi. Nikamwambia, "Sengi, ungewapa furu wangeenda zao. Walikuwa wanadai maini yao."

Alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka mama akaja kumshika mabega. Mimi nikacheka pia kwa kuwa nilidhani nimechekesha.

Kesho yake alinituma vibanzi kama kawaida.

Nilikuwa na watoto wawili nilipokuja kuelewa. Kijiji cha jirani kulikuwa na bibi aliyepikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni, macho yake yakawa kama ya sengi. Walimwita nje wazungumze naye, kwa adabu. Akatoka. Tulimzika. Nikiwa pale makaburini niliona mlango wetu, mwiko, ugali wa njano, nikajua mwishowe kile nilichokuwa nakiangalia wakati nalilia maini.

Nilidhani hayo yamepita. Jumapili, moshi wa Deus ukiwa bado hewani, mkewe alinijia na simu mkononi, akanong'ona.

"Bibi, kuna wageni hawako huru. Yule Bibi Salome… na macho yale. Tumfungie chakula kwenye hotipoti akale kwake?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Bibi Salome alikaanga mihogo kwenye lango la shule tangu Deus anavaa kaptura. Alikuwa amekaa peke yake, viti viwili kila upande vitupu, sahani ya maini mapajani, ameanza kuikunja kanga yake kama mtu anayejiandaa kuaga. Nikawatazama wageni. Nusu yao wamekua kwa mihogo ile. Nikamtazama Deus wangu, aliyesoma, naye akainama kurekebisha makaa yasiyo na shida.

Nikainuka na nyonga zangu mbovu, nikavuta kiti hadi ubavuni kwa Salome, nikaushika mkono uliokuwa unakunja kanga. Halafu nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye jiko:

"Hatoki. Haya macho yameungua kwa kuwalisha ninyi. Hatoki."