Mnukuzi asiyeona, boksi tupu na siku nne za roho juu

Saa moja na nusu asubuhi, mnukuzi ameshaketi. Mgongo umenyooka, vidole viko juu ya kibodi, mguu wa kulia umekanyaga pedali. Akiikandamiza, sauti ya shahidi inazungumza masikioni mwake. Akiiachia, inanyamaza. Shahidi anakohoa, anataja mpaka wa kiwanja, anajikosoa, anaanza upya. Vidole vinamfuata bila kusita.

Mezani kuna kibodi, spika moja na boksi jeusi linaloweza kufunikwa na kiganja cha mtu mzima. Basi. Mgeni hujikuta akitafuta kitu kwa macho, mpaka chini ya meza.

“Kila anayeingia huuliza kioo cha kompyuta kiko wapi,” anasema bila kugeuza kichwa. “Nawajibu, nikinunue nimwonyeshe nani?”

Ana miaka arobaini na sita. Haoni tangu alipokuwa na miaka ishirini na miwili, homa ya uti wa mgongo ilipomlaza wiki tano na kumwamsha gizani. Wakati huo alikuwa anajifunza ufundi wa redio. Kazini wanamwita Masikio, naye jina hilo amelipokea kwa moyo mmoja.

Kazi yake ni kugeuza sauti kuwa maandishi. Baraza linalosikiliza migogoro ya ardhi hurekodi kila shahidi, kisha rekodi huletwa kwake, naye huiandika neno kwa neno. Programu iliyomo kwenye kompyuta humsomea kila anachoandika, kwa kasi ambayo mgeni husikia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Wajumbe hutoa uamuzi wakiwa na karatasi zake mbele yao.

Miezi minne iliyopita, kazi hiyo nusura imponyoke.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Alikuwa na rekodi yenye urefu wa saa sita, ya familia mbili zinazogombea ua mmoja, na alikuwa ameshaandika saa tatu na nusu za rekodi hiyo. Sauti ya kompyuta yake ya zamani ikakatika katikati ya neno.

“Harufu ya kuungua ilinifikia kabla sijanyoosha mkono,” anakumbuka. “Nikagusa kasha, likaniunguza. Nikajua huyu ameshakwenda.”

Alimpigia simu karani mkuu wa baraza.

“Pole,” karani akamwambia. “Lakini wajumbe wanakaa Ijumaa alasiri. Nataka karatasi mezani saa nane kamili.”

“Mzee, niongezee hata siku moja.”

“Siwezi. Ikipita saa nane nampa mwingine. Na sizungumzii rekodi hii peke yake.”

Hakuhitaji kufafanuliwa. Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu. “Majaribio hayo yana miaka tisa sasa,” anasema. “Hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba yamekwisha.”

Jumanne alikwenda dukani na mkewe, ambaye ni muuguzi na siku hiyo alikuwa na zamu ya jioni. Muuzaji, mwanamke mwenye maneno mengi, alimtazama mke.

“Huyu anataka nini?”

“Muulize mwenyewe,” mke akajibu. “Masikio yake ni mazima.”

Muuzaji akaanza kuwasifia kompyuta za mkononi, zile za kukunja. Mnukuzi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza bei. Ilikuwa malipo yake ya miezi mitano, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ingelipia kioo asichokitumia.

“Nipe boksi tupu,” akasema.

Boksi tupu ni kompyuta ndogo inayouzwa bila kukamilika. Ndani ina ubao na prosesa, lakini haina memori, wala diski, wala programu yoyote. Mnunuzi anavijaza mwenyewe. Kwa aliyezoea kununua kitu na kukiwasha, ni sawa na kuuziwa sufuria akadhani ameuziwa chakula. Kwa aliyewahi kufungua redio elfu moja, ni nafuu: bei yake pamoja na memori haikufika malipo ya miezi miwili.

Muuzaji aliweka maboksi mawili juu ya kaunta. Moja lilikuwa jembamba kama kitabu cha shule, na bei yake ilikuwa chini zaidi. Mnukuzi akalipapasa pande zote, akahesabu matundu, akaomba lifunguliwe. Akaingiza vidole ndani, kisha akalirudisha kwenye kaunta.

“Hili halina nafasi ya diski ya zamani.”

“Ya nini ya zamani? Weka mpya, kaka yangu, ina kasi.”

“Ya zamani ina miaka tisa yangu.”

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na saa tatu na nusu za kazi ya wiki ile, programu inayomsomea, na orodha ya vifupisho alivyojitungia mwenyewe, zaidi ya elfu nne. Akiandika herufi mbili, kompyuta humalizia jina la kitongoji au cheo cha shahidi. Bila orodha hiyo asingewahi hata angepewa wiki. Lakini hakuna aliyejua kama diski ilinusurika ubao ulipoungua.

Alichukua boksi nene.

Jumatano asubuhi, akiwa peke yake mezani, alifungua skrubu nne na kuziweka kwenye kisahani. Akachukua kijiti cha memori, akatafuta mahali pake, akasukuma taratibu. Kikagoma. Akajaribu tena. Kikagoma.

“Kijiti kina mwanya ukingoni, na kwenye ubao kuna ulimi wa kuingia humo,” anaeleza, akichora kwa kucha juu ya meza. “Havikulingana. Tofauti ilikuwa ndogo, upana wa kucha hivi. Ningelazimisha, ningevunja vyote viwili, na mchezo ungeishia hapo.”

Alimpigia muuzaji.

“Kaka, kijiti ni hicho hicho. Labda unakiweka kinyume, maana... si unajua.”

“Najua nini?”

Mnukuzi akakata simu, akachukua fimbo yake na kukodi pikipiki. Dukani hakugombana. Aliweka boksi lililofunguliwa juu ya kaunta, na kijiti kando yake.

“Dada, fumba macho. Papasa hapa. Sasa papasa hapa.”

Muuzaji akapapasa. Akarudia. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka. “Nimekupa cha toleo la nyuma. Kosa langu.”

Alirudi nyumbani na kijiti sahihi, lakini jua lilikuwa limeshaelekea kuzama. Jumatano ilikuwa imekwenda.

Alhamisi ilileta tatizo ambalo mikono pekee haikuweza kulitatua. Kompyuta mpya inapoamka mara ya kwanza haisemi. Yote inayotaka kusema huyaandika kwenye kioo, na programu ya kumsomea bado imelala. Kwa dakika hizo chache, mnukuzi alihitaji macho ya mtu. Mkewe alikuwa zamu ya asubuhi. Nyumbani alikuwapo mtu mmoja tu: mama mkwe wake, aliyekuja kutibiwa mguu.

Huyu ndiye mama aliyemwambia binti yake, miaka kumi na moja kabla, “Unaolewa au unakwenda kuuguza?” Tangu siku hiyo, yeye na mkwewe walikuwa wameishi kwa heshima na umbali. Salamu, chakula, usiku mwema.

Mnukuzi alibeba boksi mpaka sebuleni, akaliunganisha na televisheni.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, baba.”

“Nina shida. Naomba uniazime macho.”

“Yangu nayo yanataka miwani. Ngoja nikaitafute.”

Miwani ilipopatikana, mnukuzi akabonyeza swichi. Feni ikaanza kupuliza. Diski haikutoa sauti yoyote.

“Umeona nini, mama?”

“Maandishi meupe. Kizungu hicho, mimi sikijui.”

“Nitajie herufi tu. Moja moja.”

Mama akasogea karibu na televisheni. “Ya nanasi. Ya oa. Halafu pako patupu. Ya baba, ya oa, ya oa nyingine, ya taa...”

Herufi zikajipanga kichwani mwa mnukuzi. Mashine ilikuwa inasema haioni kitu cha kuiamsha. Ama diski imekufa, ama haijaunganishwa vizuri.

Akazima. Akafungua tena skrubu nne. Mama akasimama juu yake. Vidole vikafuata utepe mwembamba unaotoka kwenye diski mpaka kwenye ubao, na hapo, kwenye ncha, vikakuta umekaa upande. Akaunyoosha, akausukuma mpaka ukatoa mlio mdogo. Akafunga. Akawasha.

“Nikasikia inazunguka,” anasema, na mpaka leo akilisema hilo hushusha pumzi. “Sauti ile naijua kama kikohozi cha mke wangu.”

Dakika moja ikapita, ya pili ikafuata. Mama akatangaza kuwa kuna kiduara kinajizungusha tu, hakina habari na mtu. Ghafla televisheni ikaongea, haraka haraka, kwa sauti ya mwanamume aliyebanwa pua.

Mama akaruka nyuma na mguu wake mbovu. “Nani huyo?”

“Ndiye anayenisomea, mama.”

“Sasa mbona anagomba?”

Mnukuzi akacheka mpaka akashika ukuta. Kazi ilikuwapo yote, mpaka neno lile lililokatika Jumatatu.

Yalibaki maandishi ya saa mbili na nusu za rekodi, na kila saa moja ya rekodi humchukua saa sita za kuandika. Aliandika Alhamisi yote mpaka jua lilipozama, akaanza tena Ijumaa kabla ya kupambazuka. Mama mkwe alikaa mlangoni na kuwazuia wageni. Chai aliiweka kushoto kwa kibodi, akisema “kushoto kwako” kila mara, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha.

Alimaliza saa saba na robo mchana. Mtandao ukawa unasuasua, faili haliendi. Mkewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua sare, akavaa tena viatu, akachukua flashi na kukimbia. Karani mkuu alitazama saa ya ukutani: nane kasoro dakika sita.

“Umewahi,” akasema.

Wiki mbili baadaye, wajumbe walirudi kwenye ua ule kupima upya. Ukurasa mmoja wa karatasi zile ulikuwa na maneno ambayo shahidi aliyanong’ona baada ya kuonyesha jiwe la mpaka kwenye ramani: “Siyo hilo, ni lile la pili.” Chumba kizima cha baraza hakikuyasikia. Kinasa sauti kiliyanasa, na Masikio aliyaandika.

Leo, rekodi ya asubuhi ikiisha, mnukuzi anasogeza kibodi pembeni. Mgeni wake wa kila Jumamosi amewasili: mwanamke aliyekuwa mwalimu wa sekondari mpaka mwaka jana, alipopoteza uwezo wa kuona. Baraza litatafuta mnukuzi wa pili mwezi ujao, na mnukuzi anataka nafasi hiyo iende kwa mtu anayesikia kweli kweli. Amemchagulia boksi kama lake. Kulijaza ni kazi ya mwalimu mwenyewe.

“Nikiharibu je?” mwalimu anauliza, bisibisi mkononi.

“Tutajua umeharibia wapi, tutaanzia hapo.”

Kwa saa nzima mnukuzi hamgusi mkono. Anamwelekeza kwa maneno tu, na anapokosea anamwacha agundue mwenyewe. Skrubu moja inaanguka sakafuni, na mwalimu anapiga magoti, anaitafuta mpaka anaipata mwenyewe. Hatimaye anafunga kifuniko, anatafuta swichi kwa kidole gumba, anaibonyeza.

Feni inaanza kupuliza.

“Sasa?” mwalimu anauliza, akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

“Sasa sikiliza,” mnukuzi anamwambia. “Hii ndiyo kazi yenyewe.”